Upepo wa mashariki, Iten, na pembetatu isiyofungika

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni rubani wa paraglaida, lile bawa la kitambaa lisilo na injini, msimu wangu wa pili, na bawa langu ni la daraja B. Jumamosi iliyopita nilikwenda Iten, Kenya, nikiwa nimepanga pembetatu ya kilomita 60: kufuata ukingo wa Elgeyo kuelekea kaskazini, kuvuka Bonde la Kerio hadi milima ya Tugen, kisha kurudi nilikoanzia. Upepo wa mashariki ulikuwa mkali, nikangoja utulie kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Nilipoona nafuu kidogo nikaruka. Nilipanda vizuri mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta mbali nyuma ya ukingo, nikikanyaga kanyagio la spidi hadi miguu ikatetemeka ili nirudi bondeni. Baada ya dakika kama 40 nilitua kwenye shamba la ngano lililovunwa, kilomita 2 tu nyuma ya nilikorukia, na upepo ukanikokota. Wageni wawili walioruka baada yangu walitua karibu na Kitale. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kuuza vifaa vyote. Je, nijizoeze kukanyaga zaidi, au wakati umefika wa kununua bawa la kasi?

Jibu: Marahaba, ndugu. Nimeisoma barua yako, na faili ya njia uliyopita niliifungua kabla ya kukujibu, kwa sababu jibu lote limo humo. Usiuze chochote. Bawa jipya usinunue pia, angalau si kwa sababu ya Jumamosi ile. Ulizunguka mikondo ya hewa moto inayopanda vizuri kuliko unavyojisifu. Ulipanda mara mbili hadi karibu mita 1,000 juu ya ardhi katika hewa iliyovurugika, na warubani wengi wa msimu wa pili wasingeweza. Kilichokuangusha ni mpango. Pembetatu ile haikuwa na njia ya kufungika siku ile, kwa bawa lolote la daraja lako na hata la daraja linalofuata, na ulikuwa na namba za kukuonyesha hivyo mkononi mwako dakika kumi baada ya kuruka.

Tuanze na namba hizo. Ulipokuwa ukizunguka mkondo wa kwanza, GPS yako ilikuwa ikisoma kilomita 73 kwa saa kila ulipoelekea magharibi, na kilomita 13 kila ulipoelekea mashariki. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawanya kwa mbili: upepo ni kilomita 30 kwa saa. Zijumlishe, gawanya kwa mbili: kasi ya bawa lako ndani ya hewa ni kilomita 43. Hesabu hii haihitaji programu yoyote. Ifanye katika kila mkondo unaopanda, katika duara la tatu au la nne, mpaka iwe mazoea kama kuangalia vario, kile kifaa kinachoonyesha unavyopanda na kushuka.

Utashangaa kuona 43, maana kitabu cha bawa lako kinasema 38. Vyote viwili ni kweli. Iten iko kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi. Wepesi huohuo unaowaleta wakimbiaji wa mbio ndefu kufanya mazoezi pale ndio unaolilazimisha bawa kwenda haraka zaidi ili libebe uzito uleule. Kwenye kimo hicho ongezeko ni kama asilimia 13, na ukifika mita 4,000 linapita asilimia 20. Ni msaada dhidi ya upepo, ila utaulipia wakati wa kutua, kwani pale juu uwandani unagusa ardhi kwa kasi kuliko ambavyo ungegusa Malindi kule pwani.

Sasa tazama upepo wa kilomita 30 unafanya nini. Hewa ikiwa imetulia, bawa lako linakwenda mbele takriban mita 10 kwa kila mita 1 linayoshuka. Ukiwa na upepo huo mgongoni, unakwenda mita 17. Ukiwa nao usoni, unakwenda mita 3. Kasi juu ya ardhi ni kilomita 13 tu, huku unashuka kama mita 1.2 kila sekunde, basi usitarajie zaidi. Upande wa pembetatu yako wa kuvuka bonde kuelekea Tugen ulikuwa na urefu wa kilomita 20 hivi. Kwa mita 3 kwa 1, kilomita 20 zinakugharimu zaidi ya mita 6,600 za kimo. Kilimanjaro ina mita 5,895.

Najua utaniambia: lakini mwalimu, njiani ningepanda tena. Ndiyo, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mkondo wa hewa moto hausimami wima siku ya upepo. Umelala, unasafiri na upepo, na wewe uliye ndani yake unasafiri nao. Ulikuwa ukipanda mita 2 kwa sekunde. Kupata mita 1,000 kulikuchukua dakika 8 na nusu hivi, na katika muda huo upepo ulikurudisha magharibi zaidi ya kilomita 4. Kisha ukageuka mashariki, na mita zako 1,000 zikawa na thamani ya kilomita 3. Umepanda, umeteleza, na jumla yake ni kilomita moja nyuma ya ulipoanza. Ukirudia mara kumi, utakuwa kilomita kumi nyuma. Njia yako kwenye ramani inaonyesha hivyo kabisa: nyuma, mbele kidogo, nyuma, mbele kidogo, chini.

Laiti upepo ungekuwa kilomita 15, mkondo uleule ungekurudisha kilomita 2 tu, na kuzirejesha kungekugharimu mita 320 hivi. Kwa upepo wa 30, kurudi ulikotoka kunataka karibu mita 1,400. Upepo umezidi mara mbili, gharama imezidi zaidi ya mara nne. Ndiyo sababu siku ya upepo wa wastani inakuachia nafasi ya kukosea na kujirekebisha, na siku ya upepo mkali inakufungia mlango ghafla, wakati wewe bado unajiona uko katika mchezo uleule wa wiki iliyopita.

Kuhusu kukanyaga, basi. Kwa nusu ya kanyagio ulifika kama 52 ndani ya hewa, yaani 22 juu ya ardhi, lakini bawa likawa linashuka karibu mita 1.8 kwa sekunde. Matokeo yake ni mita 3 na nusu hivi mbele kwa kila 1 chini. Faida ni ndogo, na umeilipia kwa hatari, kwa sababu bawa lililokanyagiwa likikunjika katika hewa yenye misukosuko hukunjika kwa nguvu zaidi na hupinda haraka zaidi. Bawa la daraja la C, kwa mkanyago huohuo, lingekupa labda mita 4. Linganisha na kilomita 4 unazopoteza kila unapopanda mita 1,000. Ungetumia fedha nyingi na ujasiri mwingi ili ubaki palepale. Bawa la kasi lina siku zake na lina watu wake, na ukifika utajua. Kama kweli unataka kasi, kwanza angalia uzito wako uko wapi ndani ya kiwango cha bawa. Kwenye picha uliyotuma hanesi yako ni nyepesi na wewe mwenyewe ni mwembamba. Kasi hukua kwa kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo ukiongeza asilimia 10 ya uzito mzima unaoruka, unapata asilimia 5 ya kasi. Ni chupa za maji chache, ilimradi usivuke kikomo kilichoandikwa kwenye bawa.

Kuna jambo lingine kwenye mpango wako ambalo lilinitia wasiwasi kuliko hesabu, nalo ni kule kwenda Tugen. Upepo ukitoka mashariki, upande wa milima ya Tugen unaotazama Bonde la Kerio ni kisogo cha mlima. Hewa inaupanda mlima kutoka upande wa Baringo, inavuka kilele, kisha inaanguka na kujiviringa upande wa pili, upande ule ambao wewe ungefika ukiwa chini, umechoka, ukitafuta chochote kinachopanda. Siku ya upepo mwanana watu huvuka na kurudi salama, na mikondo ya mchana kwenye miteremko ile ni mizuri sana. Siku ya upepo wa 30 pale si mahali pa paraglaida yoyote. Nafurahi kuwa upepo ulikuzuia kufika.

Na kule kungoja. Ulingoja saa nne nzima juu ya ukingo, na naelewa vizuri jinsi saa hizo zinavyouma, mtu umevaa hanesi, jua linachoma, wenzako wananyanyua mabawa na kuyashusha. Lakini fikiria ulikuwa ukingoja nini. Upepo wa Januari na Februari ni kaskazi, uleule uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Uarabuni pwani yetu, na ukifika huku bara unavuma zaidi kutoka mashariki. Asubuhi unapita juu, na hewa ya bondeni iliyopoa usiku inakaa chini yake bila kuchanganyika nao sana. Jua likishapasha miteremko, mikondo inapanda hadi kwenye upepo ule, na hewa ya juu inashuka kuchukua nafasi, ikija na mwendo wake wote. Ndiyo maana kati ya saa sita na saa tisa mchana vishindo vinazidi. Juu ya hapo unaongezeka upepo wa bonde lenyewe, unaopanda ukingo unaotazama mashariki tangu jua linapotoka. Hakuna kati ya hivi kinachotulia saa nane. Ile nafuu uliyoiona ilikuwa pumziko kati ya vishindo viwili, na rubani aliyechoka kungoja huona nafuu haraka mno.

Dirisha lako lilikuwa kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi. Kama halikufaa, siku ilikuwa imekwisha kwa mpango ule, hata kama haikuwa imekwisha kwa mipango mingine. Usiku wa kuamkia siku ya kuruka, usitazame utabiri wa upepo wa ardhini peke yake. Tazama ngazi ya hektopaskali 700, ambayo ni kama mita 3,100, kwa maana huko ndiko utakakokuwa unaishi. Ukiona kilomita 25 kwa saa au zaidi pale, pembetatu iondoe mezani jioni hiyohiyo, kabla hujaipenda. Ukifika ukingoni asubuhi, tazama vivuli vya mawingu vinavyopita sakafu ya bonde. Mwendo wake ni mwendo wa upepo wa juu, na vinasema kweli hata pale unaposimama wewe pametulia.

Ungefanya nini, basi? Kubaki chini ni jibu halali kabisa, nami huwa nabaki upepo unapofika 30 ardhini pale pa kurukia, au tofauti kati ya pumziko na kishindo inapozidi 15. Siku ile ulikuwa chini ya hapo, kwa hiyo tuseme ungeweza kuruka.

Ungeweza kuufanyia kazi ukingo wenyewe. Upepo unaogonga ukuta wa Elgeyo unapanda mfululizo, na anayekaa mbele ya ukingo akipiga nane badala ya duara hachukuliwi na upepo. Ukielekea kaskazini huku pua ya bawa imegeuzwa mashariki vya kutosha, 43 yako dhidi ya upepo wa ubavuni wa 30 inakupa kama 31 juu ya ardhi, na kurudi ni hivyohivyo. Kwenda na kurudi kilomita 20 kunawezekana kwa saa moja na nusu bila duara hata moja. Si safari ya kujivunia sana kwa watu, lakini ungejifunza. Mahali pa kuogopa ni pale ukingo unapokatika au kuingia ndani kama mfuko, maana upepo hubanwa hapo na kukaza. Vuka mapengo hayo ukiwa juu na mbele. Mimi nisingekwenda mbali sana kaskazini. Kadiri unavyoelekea Tot na kuendelea, ukuta unasimama zaidi na sehemu za kutua zinapungua, na hali ya usalama kule chini ni jambo la kuwauliza wenyeji asubuhi hiyohiyo, si la kukisia ukiwa hewani. Na kaskazini zaidi, kuelekea Ziwa Turkana, hewa hubanwa kati ya nyanda zetu za juu na zile za Ethiopia. Mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyojengwa kule Loiyangalani haikuwekwa pale kwa bahati.

Au ungefanya walichofanya wale wageni. Wao hawakukushinda kwa mabawa. Walikwenda na upepo. Wakati uko mita 1,000 juu ya uwanda, kilomita 4 nyuma ya ukingo, ulikuwa na kila walichokuwa nacho wao: kimo, mikondo inayofanya kazi, na uwanda wote wa Uasin Gishu umetandazwa mbele ya pua kama ungegeuza pua. Mita hizo 1,000 zilikuwa na thamani ya kilomita 17 kuelekea magharibi. Ukaziuza kwa 3. Na ulifanya hivyo mara mbili. Kama kuna sekunde za kuzikumbuka katika safari yako yote, ni hizo mbili, pale juu ya mkondo, ulipogeuka mashariki.

Watu waliokwenda mbali kuliko wote katika mchezo huu waliupenda upepo wa namna hii. Mwaka 2016, warubani watatu wa Brazili waliruka pamoja kutoka Tacima, kaskazini-mashariki mwa nchi yao, wakatua kilomita 564 mbali, rekodi ya dunia wakati huo. Nchi ile ni tambarare, kavu, na upepo wa msimu unavuma upande mmoja siku nzima. Waliupokea kama ulivyo.

Njia yetu ni fupi zaidi na ina masharti yake. Ukiuacha ukingo, uuache ukiwa juu. Mimi siondoki chini ya mita 800 juu ya kingo, kwa sababu ukanda wa nyuma yake una hewa inayoanguka na kujiviringa, na anayeukimbilia akiwa chini hutua humo. Elekea kaskazini-magharibi kadiri upepo unavyoruhusu, upande wa Moiben. Upepo ukiwa wa mashariki kabisa utakupeleka Soy, na hapo unachagua kuifuata barabara ya Kitale. Iten hadi Kitale ni kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, na ardhi inashuka taratibu kutoka mita 2,400 hadi 1,900, kwa hiyo inakupa kimo kidogo bure. Usikubali kusukumwa kusini-magharibi. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko huko, na anga yake inadhibitiwa. Panga na wahusika mapema, ama kaa mbali. Mbele ya Kitale kuna Mlima Elgon na mpaka wa Uganda, na huo ni mpango mwingine wenye vibali vyake. Ukiwa njiani usiwe mchoyo wa mikondo midogo: kwenye siku kama ile, hata mkondo wa mita 1 kwa sekunde unakusafirisha kilomita 30 kwa saa ukielekea unakotaka. Jambo lilelile lililokutesa lingekuwa linakufanyia kazi.

Gari la kukufuata lipangwe kabla. Wengi wanang'ang'ania kurudi ukingoni kwa sababu gari liko ukingoni, na nadhani hilo lilikuwa kichwani mwako pia, ingawa hukuliandika. Ukimwambia dereva asubuhi kwamba leo huenda ukatua Soy au zaidi, na redio na simu vimejaa chaji, kugeuza pua kunakuwa rahisi.

Mwisho, kule kukokotwa. Kwenye upepo wa namna ile bawa halifi lenyewe ukigusa ardhi. Jiandae ukiwa bado mita 50 juu: tazama upepo kamili, ondoa kanyagio, miguu chini. Ukigusa tu, geuka ulitazame bawa, vuta kamba za nyuma za C kwa mikono yote miwili kwa nguvu, na ulikimbilie bawa huku unavuta. Bawa likikushinda, shika breki moja tu uivute yote, mpaka ushike kitambaa. Usivute breki mbili taratibu kama siku ya hewa tulivu, kwa sababu hapo unalijaza hewa na linakuwa tanga. Mashamba ya ngano na mahindi ya Uasin Gishu yaliyovunwa ni mazuri sana Januari, lakini mengi yamezungushiwa mikaratusi. Mti wa mita 20 unavuruga hewa nyuma yake kwa mita 200 na zaidi, kwa hiyo tua katikati ya shamba kubwa, karibu na ukingo wake wa upande upepo unakoelekea kuliko ule ulio nyuma ya miti. Tazama nyaya za umeme kando ya barabara kabla hujatazama kingine chochote. Watoto watakuja mbio kutoka kila upande. Wasalimie kwa sauti ukiwa bado hewani na waambie wakae upande upepo unakotoka, mbali na kamba, mpaka bawa liwe limekunjwa.

Nitumie uzito wako kamili ukiwa na vifaa vyote, na faili ya safari yako ijayo, hata kama ni ya kilomita 12.